Kidole Chenye Mate

Siku neno langu lilipochukuliwa nilikuwa nimekaa nje kwenye kibao, kando ya tangi la maji, nikichagua maharagwe. Simu ililia. Alikuwa mjukuu wangu, yule niliyemlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, anapiga kutoka chuo huko pwani. Tukasalimiana. Akauliza mguu, nikamwambia mguu uko. Akaanza kunieleza habari ya matope fulani, halafu sauti ikageuka kidogo, akasema, "Shosho, hiyo trei usiiguse, bado haijakauka."

Nikamwambia, "Trei gani? Mimi niko na uteo."

"Si wewe, Shosho. Namwambia Shosho."

Na huko nyuma, kwenye simu hiyo hiyo, nikasikia mwanamke mtu mzima akiitika. "Haya, nimeiacha."

Nilimwambia salio langu limeisha, na ni yeye aliyekuwa amepiga.

Mtu asiyejua atasema hilo ni neno tu. Hapa Kitengela kila mwanamke mwenye mvi anaitwa shosho. Vijana wa stendi wananiita shosho, msichana wa duka la dawa ananiita shosho, hata yule fundi aliyeniharibia paa alikuwa akiniita shosho huku analiharibu. Hao sina neno nao, hao wanaita mvi. Lakini mtoto huyu alijifunza kusema Shosho kabla hajasema mama. Mama yake, binti yangu, alipata kazi Magadi akiwa na mtoto mchanga, na joto la huko likamtoa mtoto vipele mwili mzima, kichwa mpaka nyayo. Akaniletea. Alisema ni mpaka mvua zinyeshe. Mvua zilinyesha, zikakauka, zikanyesha tena, mtoto akawa wangu. Sasa akisema Shosho anamwita mtu mmoja. Ndivyo nilivyojua, mpaka siku hiyo.

Huyo mwanamke alikuwa mwalimu wake, profesa. Nilikuwa nimesikia habari zake bila kuzisikiliza. Sasa nikaanza kuzisikiliza.

Mimi shule niliacha darasa la tatu. Maisha yangu yote nimeuza nafaka soko la Kitengela, tangu wakati ploti hizi zilikuwa nyasi na nyumbu wanapita nyuma ya choo. Maharagwe, ndengu, njahi, mahindi. Nafaka zangu zilikuwa na jina kwa sababu hazikuwa na mawe. Mwenye hoteli akinunua gorogoro yangu, kopo lile la kupimia, alikuwa anamimina moja kwa moja kwa sufuria. Kazi hiyo ya kutoa mawe tuliifanya na mjukuu wangu akitoka shule, yeye upande ule wa uteo na mimi upande huu.

Nilimfundisha mambo mawili. La kwanza, usitafute maharagwe, maharagwe yamejaa hapo. Tafuta kile ambacho si haragwe. La pili ni la kidole. Jiwe kubwa unalitoa kwa kucha, hilo hata mwanamume anaweza. Lakini kuna vijiwe vidogo, vyekundu kama maharagwe yenyewe, ukivibana vinaruka vinarudi ndani. Hivyo hubani. Unalamba ncha ya kidole, unagusa tu, kijiwe kinapanda chenyewe. Mate yasizidi, kidole kikilowa sana kinabeba na vumbi, halafu huoni kitu. Alikuwa na miaka mitano. Akiwa na miaka saba alikuwa ananishinda.

Basi alipoenda chuo nikauliza anasoma nini, akasema planktoni. Nilidhani ni jina la dawa ya ng'ombe. Akanieleza kwa simu, pole pole, jinsi nilivyokuwa nikimweleza yeye. Ni viumbe vya baharini ambavyo havina nguvu ya kwenda vinakotaka, vinaenda maji yanakovipeleka. Kuna vingine vinajijengea nyumba ya chokaa, ndogo kama chembe ya mchanga. Vikifa nyumba inazama mpaka chini, na juu yake inaanguka nyingine, na nyingine, miaka mingi isiyo na hesabu. Meli inaenda huko, inashindilia bomba kwenye sakafu ya bahari, inatoa matope marefu kama mshumaa. Matope ya chini ndiyo ya zamani. Yeye anapewa kipande, anakiosha kwa chekecheo, anakausha kile kilichobaki, halafu anakaa kwenye maikroskopu na brashi ya nywele chache, anatoa nyumba moja moja na kuipanga na za aina yake.

"Unachagua," nikamwambia.

"Nachagua, Shosho. Siku nzima."

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Basi mimi nimefanya kazi ya chuo kikuu miaka arobaini na hakuna aliyeniambia."

Alicheka sana. Hiyo ilikuwa kabla ya ile simu ya trei.

Baada ya ile simu kila alichosema nilikuwa nakipima. Akisema "tulienda," nauliza wewe na nani. Akisema ameonjeshwa samaki, nauliza nani amepika. Nilikuwa najua ninafanya nini, na niliendelea.

Siku moja alinieleza kwa nini anavihesabu hivyo vitu. Alisema kuna wakati wa kale kabisa dunia ilishikwa na joto kama homa. Bahari ikapata moto mpaka chini, maji yakabadilika, yakawa yanakula chokaa. Vile vya chini kabisa vikafa vingi mno. Vile vya juu vingine vikahamia maji ya baridi, vingine vikawa vidogo kuliko wazazi wao. Na kuna vingine vikatokea na umbo ambalo halijawahi kuonekana, vikaishi muda ule wa joto peke yake, na joto liliposhuka vikaisha, havikuonekana tena. Na kuna wakati mwingine wa nyuma zaidi ya huo, jua lilifunikwa, giza na baridi, karibu vyote vya nyumba ya chokaa vikaisha. Vilivyobaki havikuwa vile vikubwa vya mapambo. Vilibaki vichache, vidogo, vya kawaida tu. Na vyote vilivyojaa bahari baadaye, na miiba yao na mapambo yao, vilitoka kwa hivyo vichache.

Nikamwambia, "Kama kondoo."

Akauliza, "Kondoo vipi?"

Ilibidi nimkumbushe ule ukame mkubwa, wakati barabara ya Namanga ilikuwa inanuka mizoga pande zote mbili. Jirani yangu ni mwanamke wa Kimaasai, tumezeeka pamoja, anachunga upande wa nyuma ambako bado hakujajengwa. Alikuwa na kondoo wakubwa weupe wenye kichwa cheusi, wale walioletwa kwa ajili ya nyama, na alikuwa na wekundu wadogo wa zamani wenye mkia wa mafuta, ambao watoto wake walikuwa wanawaonea aibu. Ukame ulipokuja wale wakubwa walilala chini mmoja mmoja. Wekundu walikula hadi maganda ya mti, hadi katoni za dukani. Mvua iliporudi zizi lote lilikuwa jekundu. Mimi wangu walikuwa wamekufa wote, na jirani akaniletea jike mmoja mwekundu, akamfunga kwa mti wangu bila kusema mengi. Kwao ukimpa mtu kondoo, jina linatoka kwa kondoo. Tangu siku hiyo mimi namwita Paker na yeye ananiita Paker. Jina lake la kubatizwa nadhani amelisahau hata mwenyewe.

"Shosho, rudia hapo," mjukuu wangu akasema, na nikasikia kalamu. "Rudia hapo kwa wakubwa na wadogo."

Nikarudia. Nilifurahi, sitadanganya. Kwamba maneno yangu yanaandikwa chuoni. Nikarudia mara mbili, nikaongeza na habari ya katoni.

Halafu akasema, "Lazima nimwambie Shosho hii."

Nikakata simu, na kondoo wangu nikabaki nao mwenyewe.

Jirani alipokuja jioni na maziwa alinikuta nimevimba. Nikamweleza. Alikaa chini akanyoosha miguu.

"Paker, unamwonea wivu mtu hujamwona hata uso."

"Nimemsikia."

"Umesikia nini?"

"Ameitika. Mtu anaitikaje jina si lake?"

"Mimi ng'ombe wangu mmoja huitika jina la mwingine. Nampa nyasi hivyo hivyo."

"Mimi si ng'ombe."

"Nilikuwa namwambia yule mwingine," akasema, akajifunika mdomo na shuka akicheka. Kwake ilikuwa rahisi. Wajukuu wake wote wanamwita Koko, na hakuna profesa aliyewahi kuitamani hiyo Koko.

Sasa nieleze ujinga wangu mwenyewe. Nilifikiri, kama ni vitu vidogo vilivyokufa vinampeleka mtoto pwani, je, hakuna huku kwetu? Nilikuwa nimeenda Magadi mara nyingi kumwona binti yangu. Ziwa la huko ni chumvi tupu. Na njiani, kabla hujafika, kuna mahali ardhi imekatwa unaona udongo mweupe kama unga, mwepesi, tabaka juu ya tabaka. Zamani watu walikuwa wanapaka nao ukuta. Mimi nikajumlisha mwenyewe: maji ya chumvi ni bahari, udongo mweupe ni chokaa, basi Magadi ilikuwa bahari, na bahari yenyewe ni yetu. Safari iliyofuata nikashuka pale kando ya barabara, nikajaza pakiti ya unga ya kilo mbili, nikaifunga, nikaituma pwani kwa basi. Niliandika juu kwa mkono wangu: YA KWETU.

Siku ya nne akapiga, sauti juu. "Shosho, umetuma nini? Umeona umetuma nini?"

"Bahari."

"Si bahari, Shosho. Ni ziwa. Hivi si vya chokaa, ni vya kioo. Ni vijimea, kila kimoja kilijijengea nyumba ya kioo. Hapo palikuwa na ziwa la maji matamu. Likajaa, likakauka, likajaa tena, na huo udongo umeshika kila safari."

Nikamwambia maji ya Magadi nimeyaonja, si matamu.

"Hayo ni ya leo. Haya ni ya zamani, na si hapo hapo." Akavuta pumzi. "Shosho amefurahi mpaka amesimamisha darasa, wameangalia wote."

"Shosho yupi?"

"Mwalimu," akasema. Alisema kama mtu anayevua viatu kwenye mlango wa mtu mkali. Hiyo haikunipendeza pia. Nilitaka asiseme Shosho, lakini sikutaka aogope kusema.

Nikamwambia, "Basi umeona viko huku. Rudi uchague vya huku."

Ndipo akanieleza jambo ambalo lilikuwa limemleta kwa simu. Alikuwa amechaguliwa kwenda na meli yenyewe, katikati ya bahari, na akitoka huko aende kusoma ng'ambo miaka kadhaa. Mwalimu ndiye alimwandikia barua. Kabla ya kuondoka, shule yake ya zamani ya upili kule Kajiado ilikuwa imemwomba azungumze na wasichana. Mwalimu angekuja naye. Nami nije. Baadaye wote wapite nyumbani kwangu wale chakula.

"Amesema ana hamu ya kumwona mtu aliyetuma ule udongo," akasema.

Nikasema karibu. Chakula simnyimi mtu.

Kajiado nilienda na jirani yangu, yeye na shuka jipya, mimi na ile nguo ya kanisa. Tulichelewa kidogo, tukaketi safu ya nyuma ya ukumbi, karibu na mlango. Mbele kabisa, kiti cha wageni, alikuwa amekaa mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na kichwa, suruali ya kijivu, mgongo umenyooka. Hakuna aliyeniambia. Nilijua. Nilimwangalia kisogo chake saa nzima, na sikupata kosa.

Mtoto alizungumza vizuri. Alionyesha picha ukutani, vile vitu vimekuzwa mpaka kila kimoja kinatosha mlango. Jirani akaninong'oneza vinafanana na popkoni. Akawaeleza joto, giza, vikubwa na vidogo. Akawaeleza na kondoo wekundu wa Kajiado, wasichana wakacheka kwa kufurahi kwa sababu kwao wako. Mimi nikaketi wima. Nikangoja aseme imetoka kwa nani. Aliendelea na picha nyingine.

Halafu msichana mmoja akainua mkono, akauliza, "Unawezaje kushika kitu kidogo hivyo bila kukivunja? Mlifundishwa na mashine?"

Akainua mkono wake wa kulia, akauangalia, akatabasamu. "Mkono huu nilifundishwa na Shosho wangu."

Mwalimu mkuu wa shule, mama wa watu, aligeuka na uso wote kwa yule mgeni mwenye nywele nyeupe, akaanza kupiga makofi. Ukumbi ukafuata. Na yule mwanamke akasimama. Alisimama nusu, akainamisha kichwa, akaketi.

Mjukuu wangu aliangalia nyuma. Alinitafuta, mdomo ulikuwa umefunguka, lakini makofi yalikuwa mengi, na yalipoisha msichana mwingine alikuwa ameshauliza kuhusu meli. Akajibu habari ya meli.

"Simama," jirani akaniambia.

"Sisimami."

"Basi nasimama mimi."

"Keti, Paker." Nilimshika shuka. Nilishika na mikono miwili mpaka akaketi.

Nyumbani nilikuwa nimeacha kuku na mchele tayari, lakini maharagwe ya kesho hayakuwa yamechaguliwa. Yalikuwa ya mkulima mmoja ambaye sitanunua kwake tena, nusu mawe. Walipofika, tukala. Mwalimu alikula vizuri, alisifu supu, hakujifanya. Alipomaliza akauliza kama kuna kazi ya kusaidia. Watu huuliza hivyo wakijua wataambiwa hapana. Mimi nikaenda nikaleta uteo, nikamwaga yale maharagwe mabaya, nikaweka katikati ya meza. Nilimpa upande wenye mawe zaidi.

Mtoto akaniangalia. "Shosho."

"Ni kazi. Ameomba kazi."

Tulianza. Nataka niseme hakujua kuchagua, lakini alijua. Alikuwa na jicho. Mawe makubwa aliyatoa kwa kucha, tap, tap, kwa sahani. Jirani yangu, ambaye kuchagua maharagwe humchosha, alikaa tu anatuangalia kama mtu aliyelipa kiingilio. Halafu mwalimu akafika kwa vile vidogo vyekundu. Alibana kimoja, kikaruka. Akabana tena, kikaruka tena. Mimi nikangoja mpaka vimshinde. Nikalamba kidole, nikapita upande wake, nikagusa, nikagusa, nikagusa. Vitatu juu ya kidole kimoja. Nikavipangusia kwenye sahani.

Akaacha kuchagua.

"Kumbe ni hapa," akasema.

"Hapa nini?"

"Huyu mtoto, mama, nimegombana naye tangu siku ya kwanza. Analamba brashi. Ninampa maji kwenye kisahani, anayasukuma kando, analamba. Nikamwambia si safi, matope yamewekwa dawa, utaugua. Anajibu kwamba maji yanakauka na yanabeba vumbi, mate yanashika. Nilifikiri ni ukaidi."

"Ni ukaidi pia," nikasema.

"Nimefundisha wengi. Hakuna aliyekuja na mkono kama huo. Mimi nilimfundisha majina ya vile vitu. Mkono nilimkuta nao."

Hapo nikaweka mikono yangu chini. "Na leo wakakupigia makofi."

Mtoto akasema, "Shosho, tafadhali," lakini mwalimu akamnyamazisha kwa kichwa.

"Wakanipigia," akasema. "Niliposikia amesema Shosho, nilijua si mimi anayesema. Nilijua ni nani."

"Na ukasimama."

"Nikasimama." Alichukua haragwe moja akaligeuza, halikuwa na kitu. "Mimi sina mjukuu, mama. Sikupata mtoto. Watu wote wakageuka hivyo kwa pamoja, nikasimama kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikutaka kuketi upesi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye kiburi, nilikuwa na maneno yake nimeyapanga tangu Kajiado. Huyu wa namna hii sikuwa nimempangia. Sikumwambia pole. Nilimwambia, "Kuna jiwe lingine hapo, karibu na kidole chako." Akalamba kidole chake, profesa mzima, akaligusa, likapanda.

"Mate yamezidi," nikamwambia.

"Nimeona."

Mtoto akasema, "Shosho, niwaletee chai?"

Tukainua vichwa wote wawili. Jirani akacheka mpaka akashika meza.

"Sasa tumalize hii," nikasema. "Hilo neno nalitaka. Lote. Siligawi na sitalikopesha. Kama mwalimu amekubali mkono ni wangu, neno pia aniachie."

Mtoto machozi yalikuwa karibu. "Nilimwita tu, Shosho. Huko nilikuwa peke yangu. Siku moja nilikosea, nikamwita hivyo nikiwa nimechoka, na akaitika."

Hilo lilinichoma zaidi ya makofi yote. Kwamba aliniita mimi na mimi sikuwepo, akaitika aliyekuwepo.

"Basi nimwite nani?" akauliza. "Profesa ni ya ofisini."

"Amwite Koko," jirani akasema. Halafu akafikiri. "Hapana. Koko ni mimi. Sasa naelewa Paker anavyosikia."

Hata mwalimu alicheka. Jirani yangu hakuishia hapo. Akanigeukia, akasema bila mzaha, "Lakini shida si mtoto. Shida ni wewe. Tangu huyu mama aingie hujamwita kitu. Si dada, si mwalimu. Unasema 'wewe shika', 'wewe kula'. Mtu bila neno anakaa wapi? Lazima achukue la mtu."

"Nimwite nini?"

"Mpe kondoo."

Nilijua anasema nini, na nilitaka kukasirika. Nikatoka nje kama mtu anayeenda kuangalia kuku. Zizini, wajukuu wa yule jike mwekundu wa wakati wa ukame walikuwa wamelala. Kulikuwa na mmoja mdogo, jike, ana baka jeupe kwa sikio. Nilisimama hapo nikifikiri, na sitasema nilifikiri mambo mazuri tu. Nilifikiri kwamba mtoto anaenda mahali simu haishiki vizuri, na huyu mwanamke ndiye atakayejua habari zake kwanza. Nilifikiri mtu akiwa na mnyama wake kwako, lazima akupigie kuuliza hali ya mnyama. Huwezi kuuliza kondoo wako bila kusema na wewe umesikia nini.

Nikamshika yule mwenye sikio, nikamwingiza mpaka sebuleni, jambo ambalo nimekataza watu maisha yangu yote.

"Huyu ni wako," nikamwambia mwalimu. "Haendi pwani. Anakaa hapa, anakula hapa, akizaa ni wako. Wewe utauliza. Kuanzia leo mimi nakuita Paker na wewe unaniita Paker. Si Shosho."

"Si Shosho," akasema. Alimshika kondoo masikio vibaya, kama mtu anayepima kitambaa. "Paker."

"Sasa Paker tuko wawili," jirani akalalamika. "Ukiita Paker tutaitika wote."

"Wewe nakuita kwa sauti kubwa," nikamwambia.

Kabla ya kuondoka mwalimu alitoa kwenye mkoba kibao chembamba kama nusu ya kidole, cheusi, chenye shimo dogo limefunikwa kioo. Akasema ndani yake mna mojawapo ya vile vilivyoishi wakati wa joto peke yake, mtoto ndiye alikitoa. Nimekiweka kwa kabati ya vikombe. Nimekitazama na miwani, nimekitazama juani, sioni kitu. Naambiwa kiko. Kimekufa kabla hakujakuwa na mtu wa kuonea wivu, na kimemchukua mjukuu wangu mpaka katikati ya maji, na chenyewe hata uso hakinionyeshi. Siku nyingine nafungua kabati nachukua kikombe bila kukiangalia, makusudi.

Mtoto akaenda na meli. Paker wa pwani anapiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Anauliza kondoo kwanza, kama inavyotakiwa, kala nini, kakohoa. Halafu ananiambia amesikia meli iko wapi. Nampa ya kondoo, ananipa ya mtoto. Wiki moja kondoo hakuwa na habari yoyote, nikamtungia mafua kidogo ili simu isiwe fupi.

Juzi mtoto mwenyewe akapiga, kutoka huko huko baharini. Sauti ilikuwa inakuja nyuma ya maneno, kama mtu anayeongea akiwa chumba kingine. Akasema, "Shosho?"

Sikuitika mara moja. Nilishika simu karibu na sikio nikasikiliza. Mashine ilikuwa inanguruma, maji, watu wanaongea lugha siijui. Nikangoja kama kuna mwingine ataitika.

"Shosho, uko?"

Hakuna aliyeitika. Nikangoja kidogo tena, ndipo nikamwambia niko.